Mama Pima na Kiti cha Ruaraka

Jane Karuku alipoanza kuongoza kundi la kampuni za East African Breweries tarehe 1 Januari 2021, habari zake zilibebwa na maneno mawili: wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho katika kampuni iliyozaliwa mwaka 1922, yenye viwanda Kenya, Uganda na Tanzania, inayotengeneza Tusker na Keg, na ambayo katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2022, yeye akiwa usukani, mapato yake yalipita shilingi bilioni 100. Kabla ya hapo, mwaka 2015, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Kenya Breweries, tawi kubwa la kundi hilo lenye makao Ruaraka. Sifa hiyo ni haki yake na sina nia ya kuipunguza. Lakini maneno hayo mawili yana kivuli kirefu, na kivuli hicho kinaangukia upande wa pili wa jiji, Kibera. Katika biashara ya pombe mjini Nairobi wanawake hawakuchelewa kufika. Walikuwemo tangu mji ulipokuwa mahema na mabanda ya mabati, wakatolewa humo kwa sheria, na mwanamke aliyekuja kufika kileleni karibu miaka mia baadaye alipitia mlango mwingine kabisa. Ninachodai ni hiki: kilichomtenga mpishi wa jini wa Makina, kijiji cha Kibera, na mkurugenzi wa Ruaraka hakikuwa akili ya biashara wala bidii. Kilikuwa leseni, hati ya ardhi na mkopo, na vyote vitatu vilikuwa mikononi mwa serikali.

Tuanze na Kibera yenyewe. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni iliwaweka askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, pamoja na familia zao, kwenye msitu uliokuwa kusini magharibi mwa mji. Wao, waliokuja kujulikana kama Wanubi, ndio waliouita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao ya Kinubi. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Askari aliyestaafu alipewa kibali cha kujenga na kulima, hakupewa hati. Pensheni haikuwepo au haikutosha, na shamba la mahindi lilileta chakula kuliko fedha. Fedha zililetwa na wake, wajane na binti wa askari hao, ambao walijua kupika kinywaji kikali cha kutonesha ambacho Wazungu walikuja kukiita jini ya Kinubi. Kufikia miaka ya 1930 na 1940 jini hiyo ilikuwa mhimili wa uchumi wa Kibera. Wateja walitoka kila pembe ya mji: vibarua wa reli, watumishi wa nyumbani, askari wa vita. Maofisa wa kikoloni waliilalamikia mara kwa mara, na mara kwa mara waliitaja jini hiyo kuwa sababu mojawapo ya kutaka kuivunja Kibera na kuwahamishia wakazi wake mbali.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi huizungumzia chang'aa, kama inavyoitwa leo pombe ya namna hiyo, kana kwamba ni maji machafu yanayochotwa mtoni. Kwanza inaandaliwa kangara: unga au sukari nguru, kimea na maji, vinavyoachwa ndani ya pipa vichachuke kwa siku kadhaa. Kuharakisha ni kuharibu. Kisha pipa linawekwa motoni, ndani yake kunawekwa chombo kidogo cha kukingia, na mdomo unafunikwa kwa sufuria pana yenye maji baridi, kingo zikazibwa mvuke usipenye. Mvuke unapanda, unagusa kitako baridi cha sufuria, unageuka matone, na matone yanadondokea kwenye chombo kilicho ndani. Maji ya juu yakishika moto ni lazima yabadilishwe upesi, la sivyo mvuke haugeuki na kuni zimeungua bure. Mpishi anayeijua kazi yake hutia kidogo kwenye kijiko na kukiwashia kiberiti kujua ukali. Kisha huja kazi ya pili, ya kuuza, na hapo ndipo lilipozaliwa jina ambalo mitaa yote ya Nairobi inalijua: mama pima. Ni mama kwa sababu karibu siku zote ni mwanamke, na ni pima kwa sababu anapima glasi kwa glasi, na kwenye kipimo hicho ndiko iliko faida yake, karo ya watoto wake na fungu la askari atakayebisha hodi. Mtu anayepanga mali ghafi, muda wa kuchachusha, kuni, ubora, bei, wateja wa kukopesha na wasiokopesheka, hatari na hongo, anafanya karibu kila kazi ambayo kampuni kubwa huigawia idara kumi.

Kwa nini basi kazi hiyo haikukua? Jibu la kwanza liko kwenye mikataba iliyotiwa saini mbali sana na Kibera. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 iliyafunga mataifa ya Ulaya yazuie pombe kali isiwafikie Waafrika wa makoloni, na huo wa pili ukapiga marufuku utoneshaji wenyewe. Kwa mikataba hiyo mwanamke wa Kibera alikuwa mhalifu kabla hajawasha moto. Sasa tazama kalenda. Mwaka 1922, miaka mitatu tu baada ya Saint-Germain, ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao H. A. Dowding, walisajili Kenya Breweries. Desemba ya mwaka huo makreti 10 ya kwanza yakapelekwa Stanley Hotel. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu akiwa windoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumbukumbu yake. Hadithi ya ndovu inajulikana na kila Mkenya. Lisilosimuliwa ni kwamba akina Hurst walianza kama mama wa Makina, kwa moto, chungu na nafaka. Walichokuwa nacho wao ni haki ya kusajili jina, kumiliki kiwanja, kukopa na kuuza mchana kweupe. Mwafrika hakuruhusiwa hata kuinunua bia yao ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na pombe kali ya halali alisubiri mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo wateja wa Kibera hawakuwa wakiikataa Tusker wakachagua jini. Sheria iliwachagulia, kisha ikamkamata mwanamke aliyewauzia.

Atatokea wa kusema kwamba hapa ninalikuza jambo dogo, kwamba hiyo haikuwa biashara bali njia ya maskini kuipitisha siku. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu wengi walipika kwa dhiki na walifia kwenye dhiki. Lakini ushahidi wa Pumwani, mtaa ndugu wa Kibera kwa historia, unalijibu. Baraza la mji lilifungua ukumbi wake wa pombe huko Pumwani miaka ya 1920 na kujipa ukiritimba wa kuuza pombe ya kienyeji, faida ikaingia kwenye mfuko wa baraza. Wanawake waliopika kando ya ukiritimba huo waliwindwa. Hata hivyo mtafiti Janet Bujra, akiandika mwaka 1975 juu ya wanawake wafanyabiashara wa Nairobi ya mwanzo, alionyesha kwamba fedha za pombe na za kazi nyingine za mjini ziliwawezesha kujenga na kumiliki nyumba, hata katika miaka ya 1930 zaidi ya theluthi ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake. Luise White alifika kwenye picha hiyohiyo kwa njia ya masimulizi ya wanawake wenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1990. Mtu anayepitisha siku tu hajengi nyumba ya kupangisha. Huko Mathare nako, miaka ya 1970, mtafiti Nici Nelson aliwakuta wapishi wa busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, wakikopeshana, wakiuziana kwa jumla pale pombe ya mmoja ilipokuwa haijaiva, wakisaidiana mmoja wao akiingia rumande. Ukiondoa hofu ya polisi, hayo ndiyo mambo ambayo chama cha wafanyabiashara husajiliwa kuyafanya.

Tofauti ya Pumwani na Kibera inafundisha kuliko kufanana kwao. Pumwani kulikuwa na viwanja vilivyopimwa, na mwenye nyumba alitambuliwa na baraza. Kibera hakukuwa na kitu kama hicho. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwahesabu Wanubi kuwa wakazi wanaokaa kwa hiari ya serikali, wasio na haki ya kudumu. Nyumba ya jiwe haikuruhusiwa. Faida ya jini ingeenda wapi? Haikuweza kuingia ukutani, haikuweza kuwa dhamana ya mkopo, haikuweza kurithishwa kwa karatasi inayoheshimiwa mahakamani. Ilikwenda kwenye karo, kwenye harusi, kwenye faini. Mtaji hukua pale unaposhikika, na pale Kibera kila kilichoshikika kilikuwa mali ya serikali. Wanubi waliendelea kudai ardhi hiyo chini ya magavana na marais, na Juni 2017 ndipo jamii yao ilipokabidhiwa hati. Ilikuwa ya ekari 288. Anayetaka kujua kwa nini hakuna kampuni ya vinywaji iliyozaliwa Makina asiangalie pipa kwanza. Aangalie nambari hizo mbili, 4,197 na 288, na miaka 99 iliyo kati yake.

Uhuru ungeweza kulibadilisha hilo, na kwa wanawake wachache wa mjini ulianza kulibadilisha. Mwaka 1977 Mary Okelo alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meneja wa tawi la Barclays nchini Kenya, na mwaka 1981 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Women Finance Trust, taasisi iliyoundwa kwa sababu mabenki yalikuwa yakiwafukuza wanawake wasio na hati wala idhini ya mume. Kwa mpishi wa chang'aa mambo yalikwenda kinyume. Serikali ya Mwafrika ilirithi chuki ya mkoloni dhidi ya kinywaji hicho na kuikoleza: ikatungwa Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa, na busaa nayo, ambayo iliwahi kuuzwa kwa leseni kwenye vilabu, ikasukumwa gizani. Marufuku hayo hayakumaliza kunywa. Yaliondoa kutazamwa. Mahali ambapo mnunuzi, jirani na mkaguzi wangeweza kumjua mpishi na kazi yake, pakawa na mtaro, usiku na mtu wa kati. Na mtu wa kati ndiye aliyeleta methanoli, kemikali ya viwandani isiyohitaji kangara wala siku za kusubiri. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, wengi wao kwenye mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka, kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi.

Pingamizi kubwa kuliko yote limesimama papo hapo, kwenye makaburi hayo. Watu husema: kampuni inapima, inapika kwa usafi, inalipa kodi; mama pima anaua; kwa hiyo sheria ilikuwa sawa kuwatenganisha. Mtu mwenye ndugu aliyepofuka ana haki ya kusema hivyo na kusikilizwa. Lakini tufuate mpangilio wa mambo. Methanoli ya vifo vile iliongezwa baada ya upishi, na waliokuwa na sababu ya kuiongeza ni wale waliotaka kuuza kingi kwa haraka bila kupika. Biashara iliyo wazi ina jina la kulinda. Iliyofichwa ina mnunuzi asiyejua amenunua kwa nani. Na ushahidi mzito zaidi umetoka Ruaraka kwenyewe. Mwaka 2004, kufuatia vifo vile, Kenya Breweries iliingiza sokoni Senator Keg, bia ya bei ya chini isiyotiwa kwenye chupa, inayosafirishwa kwa mapipa ya chuma na kuuzwa kwa kikombe. Serikali iliisamehe ushuru ili iweze kushindana na chang'aa. Ilikubali wazi kwamba mtu wa Kibera na Kawangware atakunywa, na kwamba njia ya kumwokoa ni kumpa kinywaji halali anachoweza kukimudu. Baa za Keg zikafunguka kila mtaa, na Barack Obama alipokuwa seneta anayewania urais, wateja wa mitaani wakaibatiza bia hiyo Obama. Mwaka 2013 serikali, ikitafuta fedha, ikapunguza msamaha huo kwa nusu. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, baa nyingi zikafungwa. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa. Sidai kwamba ushuru peke yake uliwaua. Waliochanganya sumu ndio waliowaua. Ila hakuna aliyeweza tena kusema kwamba bei na leseni hazina uhusiano na vifo. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya msamaha ikarudishwa.

Mwaka huohuo Jane Karuku alichukua uongozi wa Kenya Breweries, na njia yake mpaka pale yastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Alisomea sayansi na teknolojia ya vyakula Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongeza shahada ya uzamili ya biashara. Alifanya kazi Farmer's Choice, kampuni ya nyama ya nguruwe, akapanda Cadbury mpaka kuwa mkurugenzi wake wa kanda hii ya Afrika, akawa naibu wa mtendaji mkuu wa Telkom Kenya, kisha kuanzia 2012 mpaka 2014 akawa rais wa AGRA, shirika la kilimo cha Afrika lenye makao Nairobi. Aliingia bodi ya East African Breweries mwaka 2013, miaka miwili kabla ya kupewa kiti cha Kenya Breweries. Hakuna kilichomwangukia hapo. Ni miaka mingi ya kazi katika bidhaa za kula na kunywa, katika viwanda na masoko ambayo wanaume walizoea kuyaita yao. Na kazi aliyoikuta mezani Ruaraka ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya mama pima: kumpata mnywaji wa kipato cha chini, kumpimia kwa kikombe, kumwekea bei anayoiweza. Chini yake Kenya Breweries ilijenga kiwanda cha Kisumu kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 15, kikaanza kazi mwaka 2019 kwa ajili ya Keg, na mtama wa wakulima wa magharibi na nyanda nyingine ukawa mali ghafi yenye soko la uhakika. Mwaka 2020, mabaa yalipofungwa kwa korona, aliteuliwa kuongoza bodi ya mfuko wa taifa wa kukabiliana na janga hilo. Mwaka uliofuata akapanda kuongoza kundi zima.

Nikiweka maisha hayo mawili ubavu kwa ubavu sisemi kwamba kiti cha Karuku ni mali ya mtu mwingine. Yeye hakuutunga mkataba wa 1919 wala sheria ya marufuku ya chang'aa. Ninachosema ni kwamba ngazi aliyoipanda haikuwahi kugusa ardhi ya Kibera. Ilianzia chuoni, ikapita kwenye kampuni zenye vyeo, mishahara na mafunzo, ikaishia kwenye bodi. Ngazi ya namna hiyo humchukua mwanamke mmoja mmoja na kumfikisha juu. Ngazi nyingine, ile ambayo biashara yenyewe ya mwanamke inakua kutoka pipa moja mpaka kiwanda, ndiyo iliyokatwa, na kukatwa kwake hakurekebishwi na idadi ya wanawake walioketi bodini, hata wakijaa.

Hapo nitaonyeshwa Tabitha Karanja. Yeye hakupanda ngazi ya mtu. Mwaka 1997, kutoka kwenye biashara ya duka Naivasha, alianzisha Keroche pamoja na mumewe, akauza mvinyo ulioongezwa nguvu kwa watu wa kipato cha chini ambao kampuni kubwa ilikuwa haijawatazama. Ushuru mpya wa mwaka 2007 uliutoa mvinyo huo sokoni kwa siku chache tu, akageukia pombe kali, na mwaka 2008 akaingia kwenye bia kwa jina la Summit, akiikabili Ruaraka uso kwa uso. Mwaka 2015 alizindua kiwanda kipya kilichomgharimu mabilioni. Je, hiyo haithibitishi kwamba mwenye nia hufika? Inathibitisha kwamba uwezo upo, na hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo. Lakini tazama alianza na nini: duka lililokwisha kusimama, mji wenye viwanja vya kununulika, jina la kusajili, benki ya kuzungumza nayo. Na hata akiwa na hayo yote, historia ya kampuni yake ni historia ya kesi za kodi zisizokwisha. Mwaka 2019 yeye na mumewe walishtakiwa kwa kukwepa kodi ya takriban shilingi bilioni 14, mashtaka waliyoyakana. Si kazi yangu kuamua nani alikuwa na haki katika kesi hizo. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa seneta wa Nakuru. Ikiwa mwenye duka na hati aliyumbishwa kiasi hicho na mabadiliko ya ushuru, mwanamke wa Laini Saba, Kibera, asiye na hati ya chumba anacholala angeufikiaje hata mwaka wa pili wa vitabu vya hesabu?

Kuna wanaoliona swali hilo lenyewe kuwa baya. Kwao pombe imevunja nyumba za Kibera, imewapiga wanawake na kula karo za watoto, na kuilinganisha biashara ya mama pima na kazi ya mkurugenzi ni kuitukuza. Nalipokea sikitiko hilo kwa moyo wote, kwa sababu mwanamke anayeuza glasi mara nyingi ndiye anayepigwa na mlevi wa nyumbani kwake. Ila haki haiwezi kukubali mizani miwili. Ikiwa pombe ni uovu, Ruaraka nayo ihukumiwe, na serikali irudishe mabilioni ya ushuru inayoyavuna kila mwaka kwenye chupa na mapipa. Ikiwa pombe ni biashara inayopaswa kusimamiwa, basi msimamizi aeleze kwa nini usimamizi ulimfikia mmoja kwa sura ya leseni na mwingine kwa sura ya rungu.

Mwaka 2010 Bunge lilijaribu kuueleza usimamizi huo upya. Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeibeba, ilifuta marufuku ya chang'aa na kuihalalisha, mradi itengenezwe kwa viwango vilivyowekwa, ifungashwe inavyotakiwa na kuuzwa kwa leseni. Kwenye karatasi mpishi wa Lindi au Gatwekera, Kibera, alikuwa huru baada ya miaka zaidi ya tisini. Kwa vitendo alitakiwa awe na jengo linalokaguliwa, mashine, chupa, lebo na muhuri wa kodi, katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa mtungi na nyumba haina hati. Sheria ilifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa kufuli, ikauweka juu ya ukuta. Misako ikaendelea kama zamani, na askari wakaendelea kumwaga kangara mitaroni mbele ya kamera. Kasoro ya sheria hiyo haikuwa kudai usalama. Ilikuwa kudai usalama wa kiwanda kwa mtu mmojammoja, bila kumpa njia ya kufika kiwandani akiwa na wenzake.

Njia hiyo iliwahi kujaribiwa jirani. Wanubi wa Uganda, ndugu wa wale wa Kibera kwa asili na kwa jeshi, nao walikuwa wakipika pombe ya kutonesha, na wapishi wa makabila mengine wakaiga mpaka nchi nzima ikaijua kwa jina la enguli au waragi. Mwaka 1965 serikali ya Uganda ilitunga Sheria ya Enguli. Mpishi wa kijijini angepata leseni ya kupika, lakini pombe yake angeiuza kwa kiwanda, na kiwanda kingeitonesha tena, kuisafisha na kuitia chupani. Mpango huo haukuwa wa haki tupu. Aliyeuza enguli ghafi alibaki muuzaji wa mali ghafi, bei ilipangwa na mnunuzi, na wengi waliendelea kupika nje ya leseni mpaka leo. Lakini kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, serikali ilimtazama mpishi wa kienyeji ikamwona mzalishaji, na kinywaji kilichotokana na mpango huo, Uganda Waragi, kikawa fahari ya taifa. Jina waragi wengi hulihusisha na araki, neno la Kiarabu lililotembea na majeshi kutoka bonde la Nile. Wapo pia wanaodai lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Vyovyote iwavyo, linarudi kwa askari wale wale na wake zao.

Leo Uganda Waragi inatengenezwa na Uganda Breweries, kampuni tanzu ya East African Breweries. Ilikuwa kwenye orodha ya bidhaa ambazo Karuku alikabidhiwa ile Januari ya 2021, na inauzwa pia Nairobi, katika chupa yenye lebo na stempu ya ushuru. Huko Makina, mama anayepika jini kama ile ya bibi yake bado humwaga maji ya moto kutoka kwenye sufuria, akajaza mengine baridi, huku mtoto amesimama mlangoni kuangalia kama gari la polisi limeingia.